Filamu Haiwi ya Kikristo kwa Sala ya Mwisho



Katika vikundi vyetu kuna desturi ya kugawa vitabu, filamu na nyimbo katika mafungu mawili kabla hata ya kuvisoma, kuzitazama au kuzisikiliza. Fungu la kwanza ni la kazi zinazomtaja Mungu. Hizo huingia katika ukumbi wa parokia bila kuulizwa. La pili ni la kazi nyingine zote, "mambo ya dunia", nazo hubaki nje. Naupinga mgawanyo huu, wala sivutwi na ladha yangu tu. Naupinga kwa sababu unakaribisha ukumbini kitu kinachowaumiza watoto.

Nasema juu ya zile filamu za uchawi ambazo sote tunazijua. Nyingi zatoka Nijeria, nyingine ni michezo ya runinga za Kinshasa. Huku mashariki tunazipata katika vibanda vya video na katika simu zetu. Hadithi ni ile ile. Familia inapatwa na mkosi: baba anafukuzwa kazi, mama hapati mimba, gari linapinduka. Kisha tunaonyeshwa usiku, na katika usiku huo bibi kizee, au mtoto wa kambo, anakula nyama pamoja na wenzake. Mchungaji anafika, anapaza sauti, moto unatoka mkononi mwake, mchawi anakiri na kuanguka. Wimbo wa shukrani, mwisho. Hapo kiongozi wa kikundi anasimama na kuuliza, "Tumepata funzo gani?" Mikono inainuka: nguvu ya sala!

Mimi filamu hizo hunichosha kabla hazijanikasirisha, kwa maana hakuna mtu ndani yake. Bibi kizee yule hana historia. Hatuambiwi alimzaa nani, alilima wapi, alimzika nani. Amewekwa pale ili achukiwe, na mtu asiye na historia ni rahisi kumpiga mawe.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Living in Bondage, filamu ya mwaka 1992 katika lugha ya Kiigbo, ambayo ilifungua njia kwa biashara kubwa ya kanda za video za Nijeria, ilimwonyesha mwanamume aliyemtoa mke wake kafara ili apate mali. Nayo ina damu, ina mzimu wa marehemu, ina na kanisa lake mwishoni. Lakini mwovu wake ni nani? Ni mtu mzima, mwenye tamaa ya magari, anayechagua mwenyewe. Kijana wa Goma au wa Lubumbashi anayeota utajiri wa haraka anaweza kujiona pale na kuogopa. Kufikia mwaka 1999, katika End of the Wicked, filamu ya mhubiri Helen Ukpabio, uovu umekwisha kuhama: sasa unakaa ndani ya watoto wanaokusanyika usiku, na ndani ya mama mzee anayeiangamiza nyumba ya mwanawe. Tamaa yangu mimi mtazamaji imesamehewa. Mkosaji ni yule asiyeweza kujitetea.

Wala tusidanganyane kwamba ni michezo tu. Katika mitaa ya Kinshasa wanalala watoto waliofukuzwa nyumbani kwa tuhuma hiyo hiyo. Hata kwetu, mjane mzee akiwa na macho mekundu kwa moshi wa jikoni, na radi ikimpiga mtu, majirani wanautazama mlango wake. Taifa limeiona hatari hii: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inamwadhibu anayemtuhumu mtoto kuwa mchawi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, pamoja na faini. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inakataza mtu yeyote kumpunga pepo mwenye kupagawa bila ruhusa ya pekee ya Askofu wa mahali. Filamu tunayoipigia makofi inasifu tendo ambalo serikali inalihesabu kuwa kosa na ambalo Kanisa haliruhusu. Na tunaiita ya kikristo!

Sasa chukueni Rebelle ya mwaka 2012, kazi ya Kim Nguyen wa Kanada, iliyopigwa picha nchini mwetu. Komona ana miaka 12 waasi wanapokivamia kijiji chake na kumlazimisha kuwaua wazazi wake mwenyewe. Kwa kuwa anaona mizuka inayomwonya juu ya adui, wakubwa wa waasi wanamfanya mchawi wao na kumtunza kama silaha. Hadithi hii yote anamsimulia mtoto aliye tumboni mwake. Katikati ya unyama huo kuna kijana anayezunguka kutafuta jogoo mweupe, maana msichana amemwambia hataolewa naye bila jogoo huyo. Nilicheka, na kicheko hicho ndicho kilichonifanya nimwone Komona kama binti wa jirani. Na anachokitafuta hadi mwisho si kisasi. Anataka kuwazika wazazi wake. Aliyesoma Kitabu cha Tobiti atatambua mara moja amefika wapi.

Aliyemwigiza ni Rachel Mwanza, binti wa Kinshasa ambaye mwenyewe alituhumiwa uchawi nyumbani kwao na kuishia mitaani. Mwaka 2012, huko Berlin, alipewa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike. Mwaka 2014 alitoa kitabu cha maisha yake, Survivre pour voir ce jour. Msichana ambaye filamu tunazozipenda zingemtupia moto wa mchungaji.

Sisemi kwamba filamu ni nzuri kwa kuwa iko upande wa watuhumiwa. Huko kungekuwa kugawa mafungu upya. Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyopata tuzo huko Cannes mwaka 2023, ilinivunja moyo nusu yake. (Jina la mtengenezaji huyu, kwa wanaosikia Kiluba, ni "wachawi", amelibeba tangu utoto.) Mwanzo wake ni mkali kama kisu. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji pamoja na mchumba wake mwenye mimba. Usoni ana alama ya kuzaliwa ambayo kwa ajili yake alikataliwa na jamaa. Anampakata mtoto wa dada yake, damu inamtoka puani, tone linamwangukia mtoto, na ukoo mzima unageuka mahakama. Baadaye filamu inajigawa kwa watu wengi mno, na mavazi ya ajabu yanachukua nafasi ya maneno. Nilichoka. Lakini hata pale inapochosha, haimsingizii mtu.

Nitajibiwa kwamba filamu za namna hii hazina Mungu. Basi mkumbuke kwamba mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 za kuheshimiwa, na ndani yake imo Injili kadiri ya Mathayo ya Pasolini, ya mwaka 1964, mtu ambaye hakujiita mwamini. Na ndani ya filamu hiyo unasikika Utukufu wa Missa Luba, ile misa iliyoimbwa na vijana wa Kamina chini ya Padri Guido Haazen. Aliyeitwa wa nje alisikia katika sauti za Katanga kitu ambacho baadhi yetu bado tunakiita ngoma. Wakati huohuo tunaimba, macho yamefumbwa, nyimbo za kumwomba Mungu awaangushe adui zetu, wala hatuulizi adui hao ni akina nani: mara nyingi ni shangazi.

Kwa likizo ijayo nina ombi kwa viongozi wa vikundi. Onyesheni Rebelle, kwa wenye miaka 16 na zaidi, maana ina mauaji. Ni dakika 90. Jioni hiyo swali la funzo liwekwe kando. Ulizeni badala yake: katika hadithi hii, nani hakupewa nafasi ya kusema? Na juma linalofuata, ulizeni hivyo hivyo juu ya ile filamu ya uchawi mnayoipenda kuliko zote.