Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: Jogoo wa Asili Naye Apewe Huduma ya Uhimilishaji

Mheshimiwa Waziri,

Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River, Arusha, kimewawezesha wafugaji wa ng'ombe kupata mbegu za dume bora bila kulisafirisha dume lenyewe. Mfugaji wa kuku wa asili hana huduma hiyo. Akitaka damu ya Kuchi wa Kanda ya Ziwa au Singamagazi wa Tabora, jogoo mzima hupakiwa kwenye tenga na kusafirishwa, na kama ana kideri, kideri nacho kinasafiri. Wafugaji hao wanastahili njia iliyo bora zaidi, na njia hiyo, uhimilishaji, ipo.

Watafiti Burrows na Quinn wa Marekani waliieleza namna ya kumkamua jogoo mwaka 1937, na mpaka leo haijabadilika sana. Mtu mmoja humshika jogoo, mwenzake humpapasa mgongoni kuelekea mkiani, kisha humbinya taratibu pande mbili za tundu la haja. Hutoka matone machache, meupe na mazito, pengine robo ya mililita tu, lakini ndani yake mna mbegu zipatazo bilioni moja. Mtetea mmoja hupewa milioni 100 hadi 200, naye huzihifadhi mwilini na kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki nzima au zaidi.

Kikwazo ni muda.

Mbegu zisipozimuliwa na kupozwa, huanza kuchoka ndani ya saa moja hivi. Zikichanganywa na kimiminika maalumu na kuwekwa kwenye nyuzi 5 za Selsiasi, zinaweza kufika saa 24, ingawa nguvu ya kurutubisha hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Utando wa mbegu za jogoo una mafuta mengi yasiyoshiba, na oksijeni huyashambulia kama inavyochachisha mafuta ya kupikia. Utando ukishaharibika, mbegu haina tena nguvu ya kuogelea wala ya kurutubisha yai.

Antioksidanti za asili hupunguza uharibifu huo. Watafiti wa nchi mbalimbali wamejaribu vitamini E na C, likopeni inayoipa nyanya wekundu wake, kwesetini ya vitunguu, na dondoo za chai ya kijani na rozimeri. Katika majaribio mengi, mbegu zilizoongezewa vitu hivyo kwa kipimo sahihi zilibaki hai na zikaogelea vizuri zaidi kuliko zilizokosa. Kipimo kikizidi, kinga hiyo hiyo huweza kudhuru mbegu, ndiyo maana kazi hii ni ya maabara na haiwezi kuachiwa mfugaji abahatishe nyumbani.

Malighafi ipo nchini: chai ya Mufindi, karafuu za Pemba, nyanya za Iringa. Wataalamu wapo katika Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Na maabara ya chanjo ya Kibaha imekwisha kuonyesha kwamba sayansi inaweza kumfuata mfugaji wa kijijini, kwa kutengeneza chanjo ya kideri ya I-2 inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida.

Haraka inahitajika, Mheshimiwa. Kuku wa kigeni aina ya Kuroiler na Sasso wanaenea vijijini. Wanakua upesi na wafugaji wananufaika nao. Lakini majogoo wao wanapochanganyika ovyo na mitetea wa asili, koo zilizozoea jua, magonjwa na kujitafutia chakula zinapotea.

Kwa hiyo wizara inaombwa mambo matatu. Kwanza, TALIRI na SUA watengewe fedha za kupima dondoo za mimea ya hapa nchini katika mbegu za Kuchi, Singamagazi na Ching'wekwe. Pili, matokeo yahesabiwe kwa vifaranga vilivyoanguliwa, si kwa darubini peke yake. Tatu, maofisa ugani wa wilaya chache wafundishwe kukamua, kupoza na kuhimilisha, wakiwa na jokofu na majogoo waliopimwa magonjwa.

Bajeti ijayo ya wizara iwe na kifungu cha kazi hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtetezi wa kuku wa asili