Eti breki zilifeli!

Wadau, kila basi likiua watu Bongo maelezo ni yale yale: breki zilifeli, au dereva "alishindwa kulimudu gari". Magazeti yanaandika hivyo hivyo, sisi tunatikisa vichwa na kusema kazi ya Mungu. Jamani, Mungu tumwache kidogo. Tupige hesabu, fizikia ya sekondari tu.

Chukua gari dogo, tairi nzima, lami kavu. Dereva anaona kitu mbele. Mpaka akili ishtuke na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu hivi imekwenda. Akiwa kwenye 80 kwa saa, ameshakula mita 33 bila kugusa breki, kisha anahitaji nyingine kama 36 ili asimame. Jumla 69. Kwenye 120 je? Mita 50 za kushtuka, halafu 81 za breki. Mwendo umeongezeka kwa nusu, umbali wa breki umezidi mara mbili! Nishati ya gari hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo wake, na haijali dereva ana uzoefu wa miaka mingapi.

Sasa sikia hii. Pale kwenye mita ya 69, mwenye 80 ameshasimama anahema. Mwenye 120 anapita hapo hapo akiwa bado na 105. Breki zake nzima kabisa, fundi akizifungua hatakuta kasoro.

Hiyo ni mchana. Usiku lori bovu limeachwa barabarani, na matawi ya miti yamewekwa hatua kumi nyuma yake. Hatua kumi! Kwa hesabu hiyo, anayekuja na 80 akishtuka akiwa ameshayafikia matawi, wala hajagusa breki atakuwa ameshafika kwenye lori.

Na ninyi wasomi wenzangu mnaopanda basi la alfajiri, suka akiyapita mengine mnashangilia, akienda 80 mnamwita konokono... Basi lililojaa linahitaji umbali mrefu kuliko hilo gari dogo, ndiyo maana sheria ikaliwekea 80. Anayesema 80 ni mradi wa trafiki wa kutafuta hela ya chai, aje hapa chini na hesabu yake. Hesabu, siyo matusi.