Remoki Inayokwenda Uganda: Mwenye Mzigo Ana Neno



Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunahesabu pesa za likelemba, mama mmoja alituletea swali. Kikundi chake kinakwenda Nebbi, ng'ambo ya mpaka, kumaliza matanga ya mkwe wao. Wamekodi gari lenye remoki ya kubebea masufuria, viti vya plastiki na magunia ya unga na maharage. Shofa amewaambia, "Hakuna shida." Mama anauliza: tumwamini tu, ama kuna kitu cha kuangalia?

Niwaambie yaliyonipata mimi. Nilisafiri siku moja nikiwa nimekaa juu ya magunia ndani ya remoki, na mtoto mgongoni. Asubuhi nilikuwa nimeona kwamba pini ya pale remoki inapokamatana na gari haikuwepo. Walikuwa wamefunga waya. Nikanyamaza, nikijiambia mambo ya gari ni ya wanaume. Tulipokuwa tunapanda kilima kimoja kabla ya Djugu, waya ukakatika. Gari likaendelea kupanda, sisi tukaanza kurudi nyuma. Ukingo wa udongo ndio uliotushika. Magunia mawili yalipasuka, na mtoto yule, Mungu asifiwe, leo anamaliza sekondari. Lakini ule waya ninauona mpaka leo. Ningesema neno moja tu asubuhi ile, tusingefika pale.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama ni hili: mwenye mzigo ana neno. Hata kama hujui kushika usukani, macho unayo.

La kwanza ni watu. Remoki ni ya vitu. Mtu asipande, mtoto ndiyo kabisa. Kama viti ndani ya gari havitoshi, wengine watafute usafiri mwingine ama wabaki.

La pili, mwende mkaone remoki siku moja kabla ya safari, si saa ya kuondoka. Tikiseni pale inapokamatana na gari: iwe imefungwa kwa pini yake. Chini yake kuwe na minyororo miwili iliyopishana, ili pini ikitoka remoki isiachane na gari. Mmoja akanyage freni, mwingine asimame nyuma aone kama mataa ya remoki yanawaka, pamoja na yale ya kugeukia. Pine zisiwe zimekwisha, na iwepo ya akiba inayoingia kwenye remoki yenyewe, kwa kuwa ile ya gari mara nyingi haiingii.

La tatu ni uzito. Kwa mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya barabara, permi ya kundi B inatosha kwa remoki isiyopita kilo 750 pamoja na mzigo wake. Tupige hesabu kama za sokoni: remoki yenyewe ikiwa na kilo 250, zinabaki kilo 500. Hayo ni magunia matano ya kilo 100, basi. Mzigo ukizidi, mwulizeni shofa kama permi yake inamruhusu kuvuta remoki nzito. Vitu vizito viwekwe chini, katikati, na kidogo mbele ya magurudumu. Mkiweka uzito nyuma, remoki itaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Ikiyumba, shofa asikanyage freni kwa nguvu wala asiongeze mwendo; aachie mafuta polepole na ashike usukani wima mpaka itulie.

La nne ni karatasi. Remoki nayo iwe na karatasi zake na namba yake nyuma. Kama si mali ya shofa, awe na barua ya mwenye nayo. Asiransi ya hapa kwetu haiwatoshi ng'ambo. Mchukue Carte Jaune ya COMESA, inayokubaliwa Uganda. Mwombe waandike humo na remoki pia. Pale Goli, duane ya Uganda itatoa kibali cha muda cha gari. Angalieni kwamba remoki imeandikwa na tarehe ya kurudi haitawapita.

La tano ndilo linalosahauliwa. Kwetu Kongo tunapita kuume. Uganda wanapita kushoto. Pale mpakani kila mtu anakumbuka. Hatari inakuja baadaye, mkishapumzika na kula, mkitoka kituo cha mafuta na barabara ni tupu: mikono ya shofa inarudi kwenye mazoea yake. Mama anayekaa mbele asilale. Kila mkianza tena safari, aseme kwa sauti: "Kushoto!" Na gari likiwa na usukani wa kushoto, shofa akifika Uganda anakaa upande wa ukingo, haoni vizuri kinachokuja mbele ya lori analotaka kupita. Akiwa na remoki anahitaji pia nafasi ndefu zaidi. Afadhali mchelewe nyuma ya lori. Kwenye kona azungushe kwa upana, kwa sababu magurudumu ya remoki yanakata ndani, kule wanakosimama watoto na watu wa pikipiki. Kwenye mteremko atumie gia ndogo, asitegemee freni peke yake.

Na kabla ya yote, ulizeni habari za njia ya Mahagi siku hiyo hiyo. Njia ikiwa si nzuri, ama giza likiwakuta, lala mahali penye watu. Matanga yatawangoja.

Shofa mwema hatakasirika mkikagua. Akikasirika, mmeshapata jibu: rudisheni mzigo nyumbani, mtafute mwingine. Ni vigumu kusema "hapana" mbele ya watu wakati magunia yameshapakiwa, ninajua. Ndiyo sababu mwende wawili ama watatu, na mwende mapema.

Mkirudi salama, mtupe habari hapa hapa. Na ile pini, mama, uishike kwa mkono wako mwenyewe.