SINDANO YA DAMU SIYO YA UZAZI WA MPANGO

Mwezi huu tuongee juu ya jambo lililoleta mzozo kwa jirani. Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa figo alitumwa hospitali ya nje ya kambi, akarudi na karatasi ya sindano za kuongeza damu. Muuguzi akamwambia ni homoni. Mzee akakataa kabisa. "Homoni ni ya wamama wanaopanga uzazi, mimi mnanitafutia nini?" Wiki tatu hajachomwa, na sasa akienda bombani anapumzika njiani mara mbili.

Jamani, homoni siyo jina la dawa moja. Ni kama barua ambayo kiungo kimoja kinatuma kwa kingine kupitia damu, na ziko za aina nyingi. Hii ya mzee inaitwa eritropoetini. Sote tunayo, wanaume kwa wanawake, maana figo zetu ndizo zinaitengeneza. Inakwenda mpaka kwenye uboho, ndani ya mifupa, kuagiza chembe nyekundu za damu zitengenezwe. Chembe moja inaishi kama siku 120 tu, kwa hiyo kazi haitakiwi kusimama. Figo zikichoka, barua haifiki, damu inapungua hata ukila matembele kila siku. Sindano inaleta ile barua iliyokosekana. Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wa figo mwaka 1989, siyo kitu cha kujaribia wakimbizi kama wengine wanavyosema kisimani.

Ila haifanyi kazi kesho yake kama chupa ya damu. Ni wiki mbili mpaka sita ndipo mtu anaanza kuona nafuu, na wengi wanakata tamaa hapo katikati. Pia mwili unahitaji madini ya chuma ya kutengenezea hiyo damu, ndiyo maana mara nyingi anapewa na vidonge vyake. Asiviache.

Presha ipimwe kila anapokwenda, kwa sababu dawa hii inaweza kuipandisha. Kichwa kikiuma sana, mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au mdomo ukienda upande, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Wala msiombe dozi iongezwe ili apone haraka. Damu ikipanda kupita kiasi inaweza kuganda kwenye mishipa.

Dawa inatunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, isigande wala isitikiswe. Chini ya turubai letu itaharibika, iacheni kwenye friji ya zahanati.

Mzee amekubali, Jumatatu anachomwa. Lakini aliniuliza: binti yake ana mimba na damu ni kidogo, wagawane? Hapana, baba. Yeye figo zake hazijasemwa kuwa na shida. Aende kliniki ya wajawazito apimwe damu na malaria, apewe vidonge vyake mwenyewe.