Nguo na Nyama, Njia Moja

Kuna hoja imenichosha: kwamba msanii wa Kisangani anayeshona mateso ya wanyama kwa vipande vya mitumba ameazima huruma ya wageni, na kwamba haifai kuzungumzia tumbili mbele ya watu wenye njaa. Wanaosema hivyo hawajaitazama nguo yenyewe.

Kwenye mto Lualaba, nguo ilikuwa bei ya tembo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyefanywa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1887, alipata pembe nyingi kwa bunduki. Nyingine zililipiwa kwa majora ya merikani na kaniki. Zilifika pwani mabegani mwa watu, baadhi yao watumwa, zikavuka hadi Zanzibar, na sehemu yake ikachongwa vibonyezo vya piano huko Connecticut. Ukatili kwa mnyama na ukatili kwa binadamu ulisafiri katika msafara mmoja, na kitambaa kilikuwemo tangu mwanzo. Anayechukua shati kuukuu akashona tembo asiye na uso hahitaji kibali cha mtu. Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, alikwisha kuonyesha kwa dansi kwamba historia ya mto huu inatosha kulisha sanaa ya leo.

Biashara ile haijaisha, imebadili mnyama tu. Kutoka Ubundu, ambako reli ya 1906 ilijengwa ili kukwepa maporomoko ya Boyoma, baiskeli huingia msituni na chumvi, sabuni na mitumba, zikarudi na nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi. Mamba na kobe huletwa wakiwa hai, wamefungwa kamba siku nenda siku rudi, kwa sababu aliye hai haozi na barafu hakuna. Hapo ndipo ninapotaka sanaa yetu isimame: kwenye fundo la ile kamba. Anayemlaumu mchuuzi peke yake hajaelewa. Anayesema mamba hasikii uchungu hajaelewa zaidi. Na kitambaa ndicho kinachojua kufunga, kukaza na kuning'inia.

Wengine wametangulia. Huko Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, kundi la wasanii The Nest Collective wa Nairobi waliwarundikia Wazungu marobota ya nguo chakavu. Kazi kubwa, lakini kesi yake ni ya binadamu na binadamu. Wanyama wa kampuni ya Ocean Sole ya Kenya, wanaochongwa kwa ndala zilizookotwa ufukweni, wanapendeza. Hawana jeraha hata moja, na uzuri huo unatufariji upesi mno.

Ndani ya toleo hili mahojiano na mafundi cherehani wa Kisangani ni marefu kwa makusudi. Makala ya rangi za mimea ni fupi na safi. Insha ya okapi inarudi kwenye kituo cha hifadhi cha Epulu, Juni 2012, waasi walipovamia, watu wakauawa na okapi 14 wa kituo wakafa. Naomba isomwe kabla ya nyingine zote. Wenye hoja ya njaa, kurasa za toleo lijalo ni zenu, ila andikeni baada ya kufika sokoni asubuhi, mamba wanaposhushwa.