Sikio Nalo Lifundishwe

Wapo walimu wanaoshikilia kuwa kusikiliza hakufundishwi. Mwenye masikio, wasema, atasikia. Fikra hiyo tunaipinga. Shuleni neno "sikilizeni" limekuwa amri ya kunyamazisha darasa, wala si somo.

Tuutazame mwambao wa Ziwa Viktoria. Mtoto wa Mwanza aliyelelewa kwa Kisukuma, lugha isiyotenganisha l na r kama Kiswahili kitenganishavyo, huweza kusikia "kula" na "kura" kuwa neno moja. Mwalimu hulijaza daftari lake wino mwekundu, ilhali kosa limeanzia sikioni, si kalamuni. Asichokisikia atakiandikaje?

Wala njia si ngeni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 nchini walikusanyika vikundi kwa vikundi mbele ya redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Huko ndiko kusikiliza hasa: kulipokea neno, kulipima na kulitenda.

Basi vitabu vifungwe. Mwalimu asome habari fupi mara mbili, iwe bei ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, au tahadhari ya dhoruba ziwani. Wanafunzi waeleze walichosikia na ambalo wangelitenda. Tena mtihani nao ulipime sikio, kwani kisichotahiniwa hupuuzwa.

Sikio la kufa ndilo lisilosikia dawa. La mtoto li hai, linamngoja mwalimu.