Tahadhari: Kichaka cha Itigi Hakifyekwi Mara Mbili

Wenzetu wa Manyoni na Itigi, kabla hamjanoa mapanga ya kufungua mashamba mapya, simameni kidogo. Kichaka mtakachofyeka kiangazi hiki hamtakiona tena.

Wakati wa kiangazi ni rahisi kukidharau kichaka hiki. Kijivu kama majivu, hakina jani, urefu mita 3 hadi 5, mbao hakuna, na matawi yamesukana hata mbuzi anahangaika kupenya. Lakini piga magoti uchungulie chini: nyasi hakuna. Masika kivuli huzinyima jua, na pasipo nyasi moto hufika ukingoni ukazimika. Ndivyo kinavyosalimika huku miombo jirani ikiungua kila mwaka. Ukifyeka, jua linaingia, nyasi zinafuata, kisha moto, nao unamaliza machipukizi. Hata shamba likiachwa, panabaki mbuga.

Uoto huu hauko kwingine duniani ila hapa na kaskazini mwa Zambia, kati ya maziwa ya Mweru Wantipa na Tanganyika. Huko sehemu kubwa imekwisha kwa kilimo na mkaa, ingawa kipande kimo ndani ya Hifadhi ya Nsumbu. Mmoja wa mimea yake, *Baphia burttii*, una jina la Burtt, mtafiti wa mbung'o aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Enzi zake vichaka ndivyo vilivyolaumiwa kwa kuficha mbung'o. Leo wanaolaumiwa ni sisi.

Sina ugomvi na mikorosho mnayotaka kuipanda. Ipandwe kwenye mashamba ya zamani. Kinachonitisha ni kichaka kibichi kuangushwa kwa ajili yake, na lumbesa za mkaa zilizopangwa kando ya lami.

Kijiji kimoja kikitenga kichaka chake peke yake na majirani wakafyeka, nyasi zitaota ukingoni na moto utakitafuna kutoka hapo. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu misitu ya vijiji na ya halmashauri, basi mipaka iungane, kijiji kwa kijiji, Manyoni na Itigi wakae meza moja. Pa kuanzia papo: hifadhi ya nyuki ya Aghondi. Wenye mizinga wanajua kichaka kikichanua kinalipa, na mwakani kinalipa tena.

Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, msiondoke kabla mwenyekiti hajawaonyesha kwenye ramani mstari wa kichaka unapita wapi. Aliyeomba shamba jipya asubiri mstari huo uchorwe.